NDEGE YA KUJIUNDIA ISIRUSHWE KWA PUPA

Hapana kisiwa kisichojua furaha ya siku ya kushua chombo. Fundi amekaa miezi mingi na tezo na keekee, amechagua mataruma kwa jicho lake mwenyewe, amepigilia mbao moja baada ya moja, na sasa watu wa kijiji wamekuja kushika kamba. Hata hivyo, fundi wa Nungwi mwenye kuijua kazi yake hakitoi chombo kipya siku hiyo hiyo akavuka nacho mkondo wa Pemba huku kimejaa abiria. Hukiacha kwanza kinywe maji ili mbao zivimbe na kubana. Huiangalia kalafati, hupanga farumi, kisha hutweka tanga karibu na nchi kavu, akiwa na watu wachache wanaojua kuogelea. Anajua ya kuwa kazi ya kuunda haijesha mpaka bahari nayo itoe ushahidi wake.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu leo tunataka kuzungumzia chombo cha aina nyingine, nacho ni ndege anayojiundia mtu mwenyewe, na hasa ile inayoundwa kuwa nakala ya ndege ya zamani. Katika miaka ya 2010 wananchi wa Afrika Mashariki walipata habari za mafundi wa Arusha na Tunduma waliojaribu kujiundia helikopta, na za fundi wa Nyeri, nchini Kenya, aliyejiundia ndege ya mabawa nyumbani kwake. Katika Marekani na Uingereza wamo maelfu ya watu wanaofanya kazi hiyo, na baadhi yao hupenda kuzifufua ndege za vita vya kwanza vya dunia au ndege za mashindano za miaka ya 1930. Michoro yao sasa inapatikana kwa wepesi, na kijana wa Chake Chake au wa Mwanakwerekwe aweza kuisoma katika simu yake. Kwa hiyo jambo hili si la kwao tu.

Maoni yetu ni haya. Ari ya vijana hao isizimwe, kwani ufundi ni mali ya nchi. Lakini safari ya kwanza ya ndege ya namna hiyo isiachwe mikononi mwa yule aliyeiunda peke yake, wala isifanywe kwa haraka ya kuonyesha watu. Nakala hunakili umbo la ndege. Hainakili ujuzi wa wale waliorusha ile ya asili, wala haiyanakili makosa waliyokwisha kuyalipia kwa roho zao. Ujuzi huo lazima utafutwe upya, hatua kwa hatua, na mahali pa kuutafuta ni katika majaribio.

Na tutazame mifano iliyo wazi. Kati ya mwaka 1937 na 1940 tajiri wa magari Ettore Bugatti, pamoja na mhandisi Louis de Monge, waliunda nchini Ufaransa ndege nzuri sana ya mashindano iliyoitwa Bugatti 100P. Vita vikaingia, ndege ikafichwa, na haikuruka hata siku moja. Leo imo katika makumbusho ya Oshkosh, Marekani. Miaka mingi baadaye watu wa Oklahoma wakaunda nakala yake, wakaitia injini mbili za pikipiki zenye kuzungusha rafadha mbili zilizofuatana, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Agosti 2015, na katika kutua breki zikakataa, ikatoka nje ya njia na kuchimba udongo kwa pua. Ilitengenezwa, ikaruka tena salama mwaka huo huo. Tarehe 6 Agosti 2016 ikapaa kwa mara ya tatu, safari iliyokusudiwa kuwa ya mwisho kabla ya kupelekwa makumbusho. Muda mfupi baada ya kupaa ililala upande mmoja, ikaanguka shambani na kuwaka moto. Rubani wake, Scotty Wilson, akafa.

Wilson hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mstaafu wa jeshi la anga la nchi yake na rubani wa ndege za kivita. Tunamtaja si kwa kumlaumu, bali kwa sababu kisa chake chaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Ndege ile ya asili haikupata kuruka, hivyo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumwambia rubani jinsi inavyoitikia usukani, inavyopunguza mwendo, au inavyofanya nguvu zinapopungua. Alikuwa anajaribu umbo lisilojulikana kwa mitambo isiyokuwa ya umbo hilo. Ikiwa bingwa wa miaka mingi alifikwa na hayo mara ya tatu, sembuse kijana ambaye saa zake za kuruka zahesabika kwa vidole?

Wako watakaosema kwamba hatari hiyo ni ya ndege ambazo hazikupata kuruka, na kwamba zile zilizoruka sana zamani zimekwisha kuthibitishwa. Hilo nalo si kweli daima. Ndege ya Kijerumani ya mabawa matatu, Fokker Dr.I, ni mojawapo ya zile zinazopendwa mno na waundaji wa nakala. Lakini mwaka 1917, ilipokuwa mpya, bawa lake la juu lilivunjika angani. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo rubani mashuhuri wa Ujerumani, Heinrich Gontermann, alianguka nayo na kufa, na siku iliyofuata rubani mwingine akaangamia kwa ndege ya aina hiyo hiyo. Ilibainika ya kuwa viungo vya mbao vilikuwa vimefanywa ovyo, na unyevu ulikuwa umepenya ndani ya bawa. Ndege zote za aina hiyo zikazuiwa kuruka mpaka mabawa yalipoimarishwa. Basi anayenakili mchoro wa kale bila ya kujua historia yake huenda akanakili pamoja nao kasoro iliyokwisha kuua watu.

Neno hilo la unyevu watu wa visiwani tulisikilize vizuri. Hewa yetu ina chumvi na maji mwaka mzima. Bati la alumini lililiwalo polepole katika paa za pwani, na parafujo inayoota kutu mlangoni, ni ndugu wa zile zilizomo katika bawa la ndege. Gundi isiyokuwa ya kazi hiyo, mbao zisizokauka sawasawa, na waya uliokaa karibu na bahari bila ya kupakwa kitu, vyote hivyo vyaweza kuonekana vizima kwa nje na kuwa vimeoza ndani. Na bawa likisha kuvikwa kitambaa chake na kupakwa rangi, hapana jicho litakaloweza kuona kilichomo.

Liko na jambo la injini. Injini za kale hazipatikani tena, au zinapatikana kwa bei isiyoshikika, kwa hiyo muundaji huweka injini ya gari au ya pikipiki. Hiyo ina uzito wake na joto lake, na mara nyingi huhitaji giya au mkanda wa kuizungusha rafadha. Uzito ukibadilika mbele au nyuma, kitovu cha uzito wa ndege nzima hubadilika. Ndege iliyoelemewa mkiani huinua pua yake yenyewe. Sasa bawa hubeba ndege maadamu hewa inapita juu yake kwa utulivu, na pua ikiinuka kupita kiasi hewa hiyo hukatika, bawa likaacha kubeba kwa ghafla, na ndege ikaanguka kama jiwe. Karibu na ardhi hapana nafasi ya kusahihisha kosa hilo. Ndiyo maana kupima uzito wa ndege kwa mizani, gurudumu kwa gurudumu, na kuandika hesabu yake, ni kazi inayopaswa kufanywa kabla ya injini kuwashwa kwa ajili ya kuruka.

Mara nyingine hatari hukaa katika kitu kidogo kabisa. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji wa Marekani John Denver alianguka baharini karibu na pwani ya California akiwa peke yake katika ndege iliyoundwa na mtu nyumbani. Haikuwa nakala ya ndege ya kale, ila ilikuwa ya kujiundia, na yeye alikuwa ameinunua karibuni tu. Katika mchoro wa mbunifu, bilula ya kubadilisha tangi la mafuta ilikuwa mahali ambapo rubani anaifikia bila ya taabu. Aliyeiunda ndege ile aliihamisha akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi waliamua ya kwamba Denver alipogeuka ili aifikie bilula hiyo, aliukanyaga usukani wa mkia pasipo kukusudia, na ndege ikamponyoka. Walitaja pia kwamba hakujitayarisha vya kutosha juu ya mafuta na kwamba uzoefu wake katika ndege ya aina ile ulikuwa mdogo, ingawa katika ndege nyingine alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya saa 2,700. Badiliko la bilula moja lilitosha kuiondoa roho ya mtu.

Wala majaribio hayaishi pale ndege inaporudi salama kutoka safari ya kwanza. Mwaka 1935 Howard Hughes aliweka rekodi ya dunia ya mwendo kwa ndege yake iitwayo H-1. Bwana Jim Wright wa Oregon alitumia miaka kuunda nakala yake kwa uangalifu uliosifiwa na kila aliyeiona. Iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Julai 2002, na Septemba ya mwaka huo ikaweka rekodi yake yenyewe. Tarehe 4 Agosti 2003, akirejea nyumbani kutoka maonyesho ya Oshkosh, ilianguka katika hifadhi ya Yellowstone naye akafa. Kipande cha chuma cha kusawazisha uzito katika rafadha kilikuwa kimekatika. Zaidi ya mwaka mmoja wa safari njema haukutosha kukitoa kasoro hiyo mbele ya macho ya watu.

Tusije tukaambiwa kwamba tumeokota visa vichache ili kuwatisha wananchi. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege za kujiundia nchini humo. Wakati huo zilikuwa karibu 33,000, nazo zilikuwa kiasi cha asilimia 10 ya ndege zote ndogo za nchi ile. Lakini katika mwaka 2011 zilihusika na asilimia 15 ya ajali za ndege hizo ndogo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sababu kubwa zilikuwa mbili: injini na mitambo yake kushindwa, na rubani kupoteza uwezo wa kuitawala ndege ikiwa angani. Bodi iliona tena kwamba ajali nyingi hutokea mapema katika maisha ya ndege, na nyingi hutokea mara tu inapoingia katika mikono ya mwenyeji mpya. Haya yametukia katika nchi yenye viwanja kila mahali, mafundi wenye vyeti, na jumuiya ya waundaji iliyoasisiwa tangu mwaka 1953.

Lakini haifai kuusahau upande wa pili, kwa maana wapo waliofanya kazi hii wakafaulu. Ndege za mashindano zilizoitwa Gee Bee zilipata jina baya katika miaka ya 1930. Lowell Bayles alikufa katika mojawapo Desemba 1931, na Russell Boardman akafa katika nyingine mwaka 1933. Watu wengi waliamini kwamba ndege ile fupi na nene haifai kurushwa na binadamu. Hata hivyo Steve Wolf na Delmar Benjamin waliunda nakala ya aina ya R-2, wakaichunguza kwa subira, na tarehe 23 Desemba 1991 Benjamin akairusha. Aliendelea kuirusha mbele ya watu kwa muda wa miaka kumi hivi, kisha mwaka 2002 akaipumzisha ikiwa nzima, naye akiwa mzima. Kwa hiyo yaliyowafika wenzake wa miaka ya 1930 hayakuwa lazima yamfike yeye, kwa kuwa aliijua ndege yake kabla ya kuitumainia.

Kuna funzo jingine tunalolipenda zaidi, kwa kuwa linahusu jambo lililo karibu na tabia zetu. Tarehe 17 Desemba 2003 Marekani ilisherehekea miaka mia moja ya safari ya kwanza ya ndugu Wright. Iliundwa nakala ya ndege yao kwa uaminifu mkubwa, ikapimwa katika handaki la upepo, na marubani wakafunzwa kwa miezi. Siku ile walikusanyika watu maelfu kwa maelfu, na Rais wa nchi alihudhuria. Mvua ikanyesha na upepo ukawa mdogo. Ndege ilijaribiwa, ikashindwa kupaa, ikaishia katika dimbwi la maji. Upepo uliposhindwa kurudi, wakuu wa kazi waliamua kuacha. Yawezekana waliona haya mbele ya ulimwengu, lakini hapana aliyeumia. Ni wangapi miongoni mwetu, wakiwa na ngoma, matarumbeta na mgeni rasmi jukwaani, watakaokuwa na moyo wa kusema leo hatuwezi?

Tunasema kwa uwazi kwamba safari ya majaribio si sherehe. Umati wa watu ni mzigo juu ya mabega ya rubani, kwani humsukuma kuruka wakati akili yake inamwambia abaki. Nao umati wenyewe umo katika hatari, kwa kuwa ndege ikiponyoka haichagui pa kuangukia. Watoto wa madrasa waliopanda juu ya ukuta ili waone ajabu hawana habari kwamba wamesimama mahali pabaya kuliko wote.

Sasa majaribio ya haki ni yapi? Hayahitaji utajiri mkubwa, bali subira na kalamu. Ndege hukaguliwa na mtu asiyeiunda, kwani jicho la mwenyewe huona kile anachotumaini kukiona. Uzito wake hupimwa. Injini huwashwa ardhini kwa saa nyingi huku ndege imefungwa. Mafuta yanayofika kwenye injini hupimwa pua ikiwa imeinuliwa kama wakati wa kupaa. Yakishuka kwa uzito wake yenyewe, mwongozo wa Marekani hutaka yafike asilimia 150 ya yanayohitajika, na yakisukumwa kwa pampu, asilimia 125. Kisha ndege huendeshwa ardhini polepole, breki na usukani vikaangaliwa. Mwendo wa kasi ardhini nao ufanywe kwa hadhari kubwa, kwani si mara moja wala mbili ndege nyepesi imejikuta hewani wakati mwenyewe hakukusudia kuruka.

Ikija siku ya kuruka, rubani awe peke yake, avae kofia ngumu, na awe ametoka karibuni kufanya mazoezi katika ndege yenye tabia zinazofanana na hiyo. Zizungukwe anga za juu ya uwanja tu, ili injini ikizima aweze kuteleza hadi njiani. Asifanye michezo. Akishuka, ndege ifunguliwe na kuangaliwa upya, na kila alilolihisi liandikwe. Marekani kwa muda mrefu imezitaka ndege hizi zimalize saa 25 za majaribio ikiwa injini na rafadha ni za aina iliyothibitishwa pamoja, na saa 40 zisipokuwa hivyo, mbali na makazi ya watu. Siku hizi imeruhusu pia mpango wa kutimiza kazi moja baada ya nyingine badala ya kuhesabu saa tu. Na tangu mwaka 2014 imeweka utaratibu wa kumruhusu rubani wa pili mwenye sifa kukaa na muundaji katika majaribio, baada ya kuona ya kwamba upweke wa yule asiyekuwa na uzoefu nao huua.

Abiria asiwepo kabisa. Hata ndugu Wright walijifunza hilo kwa uchungu. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Orville Wright alikuwa akionyesha ndege yake kwa jeshi, naye amempakia Luteni Thomas Selfridge. Rafadha ikapasuka, ndege ikaanguka, Orville akaumia vibaya na Selfridge akafa. Alikuwa mtu wa kwanza kufa kwa ajali ya ndege ya injini.

Kuna watu hupenda kuwataja ndugu hao ili kupinga taratibu. Husema, "Wright hawakuomba kibali kwa mtu." Ni kweli, lakini husahau yaliyotangulia. Mwaka 1901 walijitengenezea kisanduku cha upepo na kupima maumbo mengi ya mabawa madogo. Mwaka 1902 waliruka mamia ya mara kwa ndege isiyo na injini, juu ya mchanga laini, karibu na ardhi, mpaka wakajua kuitawala. Ndipo mwaka 1903 wakatia injini. Hawakuwa na serikali ya kuwakataza, lakini walijikataza wenyewe. Anayetaka kuwafuata basi awafuate na katika hilo.

Kwa visiwa vyetu liko neno la ziada. Injini ikizima mara baada ya kupaa, rubani hushikwa na tamaa ya kugeuka ili arudi uwanjani. Tamaa hiyo imeua wengi, kwa kuwa ndege iliyo chini na yenye mwendo mdogo ikigeuzwa kwa nguvu hupoteza uchukuzi wa bawa. Hufundishwa kwamba atue mbele yake. Mwaka 1994 nakala ya ndege kubwa ya Vickers Vimy, iliyokuwa ikirudia safari ya mwaka 1919 kutoka Uingereza hadi Australia, ilizimikiwa na injini moja juu ya kisiwa cha Sumatra. Marubani wake wakatua katika shamba la mpunga, wakapona. Lakini huku kwetu kilicho mbele chaweza kuwa bonde la mpunga, na chaweza kuwa mikarafuu, nyumba za watu, au bahari. Kwa hiyo mahali pa kufanyia majaribio hapawezi kuchaguliwa kwa kuwa pako karibu na nyumbani kwa fundi. Pachaguliwe kwa kutazama kilicho mbele ya kila mwisho wa njia.

Hapo ndipo tunapoigeukia Serikali. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye dhamana ya kuandikisha ndege na kutoa vibali vya kuruka. Tunaiomba Mamlaka hiyo isingoje mpaka ndege imekwisha kuundwa ndipo ije kuifungia. Fundi aliyemaliza akiba yake yote, kisha akaambiwa mwishoni kwamba haiwezekani, atashawishika kuiburura usiku hadi uwanja wa mpira na kuirusha alfajiri. Afadhali mlango ufunguliwe mapema. Litolewe kwa Kiswahili chepesi tangazo la hatua zote, tangu kipande cha kwanza cha mbao hadi saa ya mwisho ya majaribio. Mkaguzi afike mara kadhaa wakati wa kazi, na hasa kabla ya bawa kufunikwa.

Serikali ya Mapinduzi nayo ina sehemu yake. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar yaweza kushauri mahali na saa ambazo hazitagongana na ndege za abiria. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kiwepo uwanjani, na KMKM wawe na boti majini ikiwa njia yaelekea baharini. Masheha waelezwe ili waripoti kwa wema, si kwa kukamata. Na vyuo vya ufundi, kwa kushirikiana na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinachofundisha mafundi wa ndege huko Dar es Salaam, viwapokee vijana hawa kama wanafunzi, wasiwachukulie kama wahalifu.

Zaidi ya hayo, si lazima kila nakala iruke ndipo iheshimiwe. Mwaka 2003 mafundi wetu waliunda upya mtepe, chombo cha kale cha kushona kwa kamba, ukawekwa katika makumbusho ya Beit el-Ajaib. Wananchi na wageni waliuona na kujifunza, wala hapana aliyedai kwamba hauna thamani kwa kuwa haukwenda Lamu na kurudi. Ndege iliyoundwa na kijana wa Pemba, yenye injini inayozunguka na mabawa yaliyonyooka, ikisimama katika uwanja wa chuo kwa ajili ya kufundishia, itakuwa imekwisha kuleta faida kubwa kwa taifa. Ikiwa itafaa kuruka, na iruke kwa wakati wake.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa gharama ya chombo kilichoachiwa kuondoka wakati kilistahili kuzuiwa. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Sheria ilikuwepo. Iliyokosekana ni sauti ya kusema hapana pale bandarini, na mkono wa kuishika kamba. Ndege ya mtu mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na meli ile, lakini mama wa rubani hana mtoto mdogo wala mkubwa katika kilio chake.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wetu: undeni, someni, ulizeni, na mkubali kukaguliwa. Fundi wa Nungwi hakuonekana mwoga kwa kuliacha jahazi linywe maji kwanza. Na tunawaambia viongozi: wapeni njia iliyo wazi kabla hawajajitafutia ya kwao. Mkichelewa, majina yao tutayasoma siku moja katika taarifa ya ajali, na hapo tahariri kama hii haitakuwa na faida tena kwa mtu yeyote.